Watu Wakikosa Imani na Serikali, Mapinduzi Hufuata? Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara Hapa Mombasa

Tangu maandamano ya vijana ya Juni 2024 maswali haya hayaishi hapa mjini. Yanaulizwa kwenye baraza za kahawa Mji wa Kale, ndani ya feri ya Likoni, sokoni Kongowea, na kwenye maskani za vijana Kisauni na Majengo. Yameandikwa hapa jinsi yanavyoulizwa. Palipo na maoni yangu nimesema wazi kuwa ni yangu.

Nipe jibu moja kwa moja: imani ikipotea, mapinduzi huja?

Mara nyingi hayaji. Serikali zisizoaminiwa na raia wake zimejaa duniani, lakini zilizopinduliwa ni za kuhesabika. Watu kukosa imani ni mwanzo tu. Mpaka serikali ianguke, kwa kawaida huwa wenye bunduki wamegawanyika, wakubwa wamekosana wao kwa wao, na wananchi hawaoni tena mlango wa kupeleka malalamiko yao. Yakikosekana hayo, hasira haipotei, ila hushika njia nyingine, na hizo njia nyingine ndizo zinazonitia hofu zaidi kwa mji wetu.

Mapinduzi hasa ni yapi? Siku hizi kila vurugu inaitwa mapinduzi.

Hapa tunazungumzia raia wengi kuiangusha serikali hadi mfumo wenyewe wa utawala ukabadilika: nani anatawala, nani anamiliki ardhi, sheria zinatungwa na nani. Askari wachache kujaribu kunyakua kiti, kama walivyofanya wale wa jeshi la anga la Kenya tarehe 1 Agosti 1982, ni jambo jingine. Kulazimisha mswada uondolewe au kupata katiba mpya kwa kura ni mageuzi. Matukio halisi hayakubali kutengwa hivyo kila mara, lakini tofauti hii itatusaidia huko mbele.

Kuna ushahidi gani kwamba kukosa imani peke yake hakutoshi?

Chukua Marekani. Mwaka 1958 Wamarekani 73 katika kila 100 walisema wanaiamini serikali yao kufanya yaliyo sawa wakati wote au mara nyingi. Miaka hii ya karibuni idadi hiyo imeshuka hadi karibu 20 katika 100. Katikati wamepitia vita vya Vietnam, kashfa ya Watergate na misukosuko ya kiuchumi. Tarehe 6 Januari 2021 kundi la watu lilivamia bunge lao, lakini mahakama zilikuwa zimekwisha kuzitupa kesi za kupinga matokeo, jeshi halikuegemea upande, na rais mpya aliapishwa tarehe 20 mwezi huohuo.

Na takwimu za imani zisomwe kwa uangalifu. Mtu anayeishi kwa woga anaweza kumwambia mtafiti kwamba anaiamini serikali kwa sababu hajui daftari lile linaishia mikononi mwa nani. Tena raia anayeshuku si adui wa nchi yake. Anayeuliza pesa za barabara zimekwenda wapi anafanya kazi ya uraia.

Basi watu waliokata tamaa hufanya nini, kama hawapindui?

Swali hili ndilo kubwa kwetu, ingawa halipendwi kwa kuwa halina moshi wala mabango.

Kwanza, hujitenga. Mwaka 2013 Wakenya waliojitokeza kupiga kura walifika karibu 86 katika 100 ya waliojiandikisha. Mwaka 2022 walikuwa kama 65. Hapa Mombasa hatukufika hata nusu. Uchaguzi wa gavana ulikuwa umeahirishwa hadi tarehe 29 Agosti kwa sababu karatasi za kura zilichanganywa, na wengi waliona hawana haja ya kurudi tena kwenye foleni. Kaunti yenye bandari kuu ya Afrika Mashariki ilichaguliwa viongozi na wachache. Wale wasiopiga kura hawakumwadhibu mtu. Waliwarahisishia kazi wenye pesa za kununua wale wachache waliobaki.

Pili, hutafuta ulinzi na riziki kwingine. Mzee anayeibiwa Mtopanga haendi kituo cha polisi, kwa kuwa anaamini atarudi bila kitu ila hasara ya nauli na chai ya askari. Anamwendea kijana mwenye sauti mtaani. Kijana huyo akishazoea kuwa hakimu, kesho ndiye anayetoza kodi, na magenge ya visu hupata mlango hapo.

Tatu, huihamishia imani yao kwa mtu. Imani haikai hewani bila pa kutua. Ikishatoka kwa hospitali, shule na serikali itatua mahali, na si lazima pawe pema. Mwaka 2023 tulishuhudia msitu wa Shakahola, Kilifi, ambako zaidi ya maiti 400 zilifukuliwa. Watu wale walikuwa wamehubiriwa waziache shule, wazikatae hospitali, waukatae usajili wa serikali, hatimaye wakaambiwa wafunge mpaka wafe. Kesi ilipelekwa mahakamani hapa kwetu, Shanzu. Kwangu mimi Shakahola inasema juu ya kupotea kwa imani kuliko maandamano yoyote. Wengi wa waliokufa hawakuwahi kurusha jiwe. Waliipa serikali mgongo kimya kimya, na serikali haikushtuka mpaka makaburi yalipofunguliwa.

Ni nini basi kinachogeuza hasira kuwa mapinduzi?

Mtazame mwenye bunduki. Tunisia, Mohamed Bouazizi alijitia moto Sidi Bouzid tarehe 17 Desemba 2010 baada ya kunyang'anywa bidhaa zake za rukwama. Maandamano yalisambaa, polisi walipiga risasi, lakini jeshi halikukubali kumwokoa rais. Tarehe 14 Januari 2011 rais huyo, Ben Ali, alikimbilia Saudi Arabia. Hata mwezi haukutimia.

Madagascar ni karibu zaidi nasi. Septemba 2025 vijana waliingia barabarani Antananarivo kwa sababu ya maji na umeme kukatika. Walipigwa, na maandamano hayo yangeweza kuishia hapo. Oktoba, kikosi cha jeshi kiitwacho CAPSAT kikawaunga mkono, na kwa siku chache Rais Rajoelina akawa amekimbia. Kikosi hichohicho ndicho kilichomsaidia kuingia madarakani mwaka 2009. Na aliyeapishwa tarehe 17 Oktoba hakuwa kijana aliyelia maji, alikuwa kanali.

Njaa na ufisadi huwatoa watu nje. Askari anapokataa amri ndipo serikali huanguka. Na askari huanza kukataa pale anapoona mtoto wake au ndugu yake ni miongoni mwa wanaoandamana, au pale yeye mwenyewe anapodhulumiwa na haohao anaowalinda.

Wazee wetu hutaja Unguja ya 1964. Si ilikuwa kukosa imani tu?

Imani ilikuwa imepotea, naam, na kwa sababu ya wazi. Katika uchaguzi wa Julai 1963 chama cha ASP (Afro-Shirazi Party) kilipata zaidi ya nusu ya kura zote, asilimia 54 hivi, lakini kikapata viti 13 tu kati ya 31. Wapinzani wao waliungana wakaunda serikali. Uhuru ulikuja tarehe 10 Desemba, na watu wengi wakauona kuwa ni wa wengine.

Hata hivyo serikali ile ilifanya kosa moja zaidi: iliwaachisha kazi polisi waliotoka bara. Hao walikuwa wanaume waliofunzwa silaha, wanaojua ghala za bunduki zilipo na zinalindwaje, na sasa hawana mshahara wala heshima. Usiku wa kuamkia tarehe 12 Januari 1964 vituo vya Ziwani na Mtoni vilivamiwa na silaha zikachukuliwa. Asubuhi serikali haikuwa na pa kushika.

Yaliyofuata yanajulikana Mombasa kuliko vitabuni. Maelfu waliuawa, na familia nyingi za Mji wa Kale zina jamaa waliovuka bahari na nguo walizovaa. Wapo pia wanaokumbuka kwamba mapinduzi yale yaliwapa ardhi na shule watu waliokuwa hawana. Yote mawili ni kweli, na anayelisimulia moja akalificha la pili hajatenda haki kwa wafu wala kwa walio hai.

Juni 2024 Kenya ilikuwa karibu na mapinduzi?

Ilikuwa karibu na kitu ambacho hatukuwahi kukiona, lakini mapinduzi hayakuwa. Tarehe 25 Juni vijana waliopinga kodi mpya za Mswada wa Fedha waliingia bungeni Nairobi, na hapa Mombasa barabara za katikati ya mji zilijaa watu wasio na chama wala kinara. Wanajeshi waliitwa wawasaidie polisi. Kesho yake rais alikataa kuutia saini mswada huo. Tarehe 11 Julai aliwafuta mawaziri karibu wote. Zaidi ya watu 50 waliuawa katika miezi ile, na wengine walichukuliwa majumbani na watu wasiovaa sare.

Kwa nini haikwenda mbali zaidi? Jeshi halikugawanyika. Dai kubwa la mwanzo, mswada, lilikubaliwa, na wengi wakarudi makwao. Kisha wakubwa wakaelewana. Mwezi Agosti vigogo wa upinzani waliapishwa kuwa mawaziri, akiwemo Hassan Joho, aliyekuwa gavana wetu. Kwa serikali hiyo ilikuwa njia ya kutuliza mambo. Kwa vijana wengi niliowasikia Mombasa ilikuwa kufungiwa mlango wa mwisho, maana waliyemtegemea awasemee sasa alikuwa upande wa pili wa meza. Amani iliyopatikana hivyo imelipiwa na imani ileile iliyokuwa imebaki kidogo.

Juni 2025 moto ukawaka tena baada ya Albert Ojwang, mwalimu na mwandishi wa mtandaoni, kufia mikononi mwa polisi katika kituo cha Central, Nairobi.

Mombasa yenyewe imewahi kuinuka?

Mara nyingi, na kila mara kwa namna tofauti.

Januari 1947 wafanyakazi wapatao 15,000 waliweka zana chini: makuli wa bandari, watu wa reli, wa hotelini, hata watumishi wa majumbani. Mji ulisimama kwa siku 12. Walikuwa hawaiamini serikali ya kikoloni hata chembe, lakini walikuwa na chombo chao, African Workers' Federation, na kiongozi wao Chege Kibachia. Eliud Mathu, Mwafrika wa kwanza katika baraza la kutunga sheria, aliwasihi warudi kazini huku malalamiko yao yakisikilizwa. Baraza la usuluhishi liliundwa, mishahara ikapanda. Kibachia alikamatwa mwezi Agosti mwaka huo akahamishiwa Baringo kwa miaka mingi. Ushindi na adhabu vilikuja pamoja.

Mwaka 1992 Majengo na mitaa ya jirani iliwaka kwa ajili ya chama cha Kiislamu cha IPK, kilichonyimwa usajili. Agosti 1997 ikawa Likoni: kituo cha polisi kilishambuliwa, bunduki zikaibiwa, na watu wa bara waliokuwa majirani zetu wakauawa na kufukuzwa kwa maelfu. Hapo hasira ya kweli juu ya ardhi na ajira ilishikwa na wanasiasa wakielekea uchaguzi, wakaielekeza kwa wachuuzi na wapangaji ambao hawakuwa na ekari hata moja. Siwezi kuiita mapinduzi. Yalikuwa mauaji ya majirani, na walioyapanga hawakupoteza kitu.

Kisha MRC (Mombasa Republican Council), kundi lililotaka Pwani ijitenge, na kauli yake ya "Pwani si Kenya". Serikali iliwapiga marufuku mwaka 2010. Walikwenda Mahakama Kuu hapa Mombasa, na Julai 2012 wakashinda. Miezi mitatu baadaye kiongozi wao alivamiwa nyumbani kwake Kwale akakamatwa. Nimezungumza na watu wasiokubaliana hata kidogo na MRC ambao jambo lile liliwaumiza: jamaa walikwenda mahakamani kama walivyoambiwa, wakashinda kesi, na bado.

Kwa hiyo mahakama zina uzito gani?

Mkubwa sana. Baada ya uchaguzi wa Desemba 2007 waliodai kuibiwa kura walisema hawaendi mahakamani kwa kuwa hawaiamini. Zaidi ya watu 1,100 walikufa katika ghasia zilizofuata. Tarehe 1 Septemba 2017 Mahakama ya Juu chini ya Jaji Mkuu David Maraga ilifuta uchaguzi wa rais. Mwaka 2022 walioshindwa walikwenda mahakamani, wakashindwa tena, wakakubali kwa shingo upande. Wakenya ni walewale na hasira ni ileile. Kilichobadilika ni kwamba baada ya Katiba ya 2010 palikuwa na mlango, na mara moja ulionekana ukifunguka.

Hapa kwetu, mwaka 2015 mashirika ya haki za binadamu ya MUHURI na HAKI Africa yaliwekwa kwenye orodha ya washukiwa wa ugaidi na akaunti zao zikafungwa. Mahakama Kuu ya Mombasa iliyafungulia mwaka uleule. Hukumu kama ile hutuliza mitaa zaidi ya malori ya GSU, polisi wa kuzima ghasia.

Yale maandamano ya Jumatatu ya SGR, reli mpya ya kwenda Nairobi, yalisaidia kitu?

Ndiyo, na tunayasahau mapema mno. Mwaka 2019 ilipoamriwa makasha yote ya kwenda bara yapande treni, madereva wa malori, mawakala wa kutoa mizigo, wenye gereji na mama lishe wa Changamwe na Miritini waliona riziki inahamia Nairobi. Waliandamana kila Jumatatu, wakaenda na mahakamani. Amri ilisimamishwa, mwaka 2020 mahakama ikaibatilisha, na Septemba 2022 serikali mpya ikaahidi kuirudisha kazi ya bandari bandarini. Walikuwa na dai moja linaloeleweka, waliojitokeza walikuwa walioathirika wenyewe, na hawakuchoka baada ya wiki mbili.

Mapinduzi yakifaulu, maisha huwa bora?

Sudan, Desemba 2018, bei ya mkate iliwatoa watu nje kuanzia Atbara. Aprili 2019 Rais al-Bashir aliondolewa. Oktoba 2021 majenerali walichukua nchi, na tarehe 15 Aprili 2023 majenerali haohao wakaanza kupigana wao kwa wao. Mamilioni wamekimbia makwao. Misri ilimwondoa Rais Mubarak mwaka 2011 na kufikia 2013 jeshi lilikuwa limerudi. Tunisia ilipata karibu miaka kumi ya uhuru kabla rais hajalisimamisha bunge Julai 2021.

Sisemi haya kuwatisha vijana wakae kimya. Nasema kwa sababu nchi ambayo taasisi zake zote zimekufa, siku serikali ikianguka, anayebaki amesimama ni mwenye silaha. Vyama vya wafanyakazi, vyama vya wanasheria, misikiti na makanisa yasiyonunulika, magazeti, ushirika wa wavuvi: hivi vikiwa hai, watu huwa na pa kushika kesho yake.

Fujo si ndiyo lugha pekee wanayoielewa wakubwa?

Historia haikubali. Watafiti Erica Chenoweth na Maria Stephan walichunguza harakati za mwaka 1900 hadi 2006 wakakuta zile zisizotumia silaha zilifaulu karibu mara mbili ya zilizotumia. Sababu inaeleweka. Mama mwenye mtoto mgongoni hawezi kujiunga na vita vya mawe, lakini anaweza kutembea Barabara ya Moi. Na askari huona vigumu kumpiga risasi asiyemtisha.

Kuandamana ni kosa?

La. Kifungu cha 37 cha Katiba kinampa kila mtu haki ya kukusanyika, kuandamana na kuwasilisha malalamiko, kwa amani na bila silaha. Sheria ya Utulivu wa Umma inataka polisi wajulishwe angalau siku tatu kabla. Ni kuwajulisha, si kuwaomba ruhusa. Ukikamatwa, Kifungu cha 49 kinataka ufikishwe kortini ndani ya saa 24, au siku ya korti inayofuata. Mjulishe mtu wa nyumbani unakokwenda, na uwe na namba ya wakili.

Mitandao ndiyo inayoua imani?

Hueneza habari haraka, za kweli na za uongo. Lakini kijana wa Pwani aliyehojiwa mara tatu kuhusu babu wa babu yake kabla ya kupewa kitambulisho hakuhitaji simu imfundishe kutoamini.

Imani ikishapotea, inaweza kurudishwa?

Inarudi kwa vitendo vidogo vinavyorudiwa, na inarudi taratibu. Mfano ulio karibu ni shamba la Waitiki, Likoni, ekari 930 zilizogombewa kwa miaka. Serikali ililinunua, na Januari 2016 wakazi wakaanza kupewa hati. Kulikuwa na kelele juu ya malipo waliyotakiwa kutoa, na zilikuwa za haki. Lakini mtu mwenye hati mkononi huzungumza na chifu kwa sauti tofauti na yule anayelala akisubiri tingatinga.

Sikubaliani na viongozi wanaosimama jukwaani wakituomba tuwe na imani. Imani haidaiwi kwa raia. Afisa wa kaunti achapishe zabuni ameshinda nani na kwa kiasi gani. Askari aliyeua ashtakiwe kwa jina lake. Familia zilizopoteza vijana Mombasa tangu miaka ya 2012 na 2014, wengine wakiwa wamechukuliwa mbele ya wake zao, ziambiwe wako wapi, hata kama jibu ni kaburi.

Je, 2027 kutalipuka?

Uchaguzi umepangwa tarehe 10 Agosti 2027. Tume ya uchaguzi, IEBC, ilikaa bila makamishna tangu Januari 2023 hadi Julai 2025, muda ambao ungetumika kujiandaa, na mwenyekiti mpya, Erastus Ethekon, amepokea tume ambayo Wakenya wengi wanaitazama kwa jicho la mashaka. Dalili za kuangalia kuanzia sasa ni hizi: polisi wakiua, kuna anayeshtakiwa? Hukumu zinazoiudhi serikali zinatekelezwa? Daftari la wapiga kura linafunguliwa likaguliwe? Na vijana wa Mvita, Nyali, Kisauni, Likoni, Changamwe na Jomvu wanajiandikisha, au wamekwisha kuamua kwamba safari hii pia watakaa maskani? Usajili uko wazi katika ofisi za IEBC za maeneo bunge. Nenda na kitambulisho au pasipoti, na aliyehama mtaa aombe kuhamishiwa kituo kipya mapema.